Jiwe la Mke wa Kwanza: Safari Yetu ya Kit Mikayi na Yale Tuliyojifunza

Kwanza kabisa namshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha miaka kumi tangu tulipoanza mwaka 2015 tukiwa tunakalia ndoo za maji kwa kukosa viti. Kamati iligawa kazi ya kuandika historia. Mweka hazina ameandika historia ya pesa, katibu ameandika historia ya mikutano na uchaguzi. Mimi nimechagua kuandika historia ya jiwe.

Msicheke. Jiwe hili liko Seme, kaunti ya Kisumu, na linaitwa Kit Mikayi. Wanachama wapya huniuliza kila mara, kwa nini kikundi chetu kina sheria kali juu ya majina na risiti? Jibu lake liko kwenye jiwe hilo.

SAFARI YENYEWE

Tulikwenda mwezi wa Agosti 2018. Kikundi kilikuwa kimetimiza miaka mitatu, na kwenye mfuko wa starehe kulikuwa na pesa kidogo. Wengine walisema tugawane, kila mtu aende na zake. Wengine walitaka Mombasa wakaone bahari, lakini tulipopiga hesabu ya gari, chakula na malazi tukaona pesa zetu zingeishia Voi. Ndipo mwenzetu mmoja aliyeolewa Seme akasema, "Njooni kwetu. Kuna jiwe ambalo hamjaona mfano wake. Na kulala mtalala kwangu, hata kama ni kubanana."

Basi tukakodi matatu ya viti 33 na kuondoka Nakuru saa kumi na moja alfajiri. Tulikuwa wanachama 22 na mtoto mmoja wa mgongoni. Tulipita Salgaa, tukapanda mpaka Mau Summit ambako baridi iliingia hadi kwenye mifupa, kisha tukashuka Kericho kwenye majani ya chai yaliyokatwa sawasawa kama mkeka. Kutoka hapo barabara inateremka, joto linapanda. Sweta zikavuliwa. Tukaona miwa upande wa Awasi na mashamba ya mpunga Ahero, na kabla ya saa sita tulikuwa Kisumu tukitazama ziwa.

Hapa nitaeleza jambo dogo la historia, kwa maana litatusaidia mbele. Reli iliyotoka Mombasa ilifika ziwani mwezi wa Desemba 1901. Wazungu waliipa stesheni hiyo jina Port Florence. Florence ni jina la mke wa mmoja wa wakubwa waliojenga reli hiyo. Baadaye jina la Kisumu likarudi, lakini kwa miaka kadhaa mama huyo alikuwa ameandikwa kwenye ramani na kwenye tiketi. Shikeni neno hilo.

Kutoka mjini tulifuata barabara ya Busia mpaka Kisian, tukakunja kushoto kwenda upande wa Bondo. Si mbali, ni kama kilomita 29 kutoka Kisumu mjini. Gari lilikuwa limejaa nyimbo, halafu ghafla nyimbo zikakatika. Jiwe lilikuwa limetokea.

NAMNA LILIVYO

Mimi nilifikiri nitaona mwamba mmoja kama ile tunayoiona kando ya barabara. Sivyo. Ni mawe makubwa sana yaliyopangwa moja juu ya jingine, kama mtoto anavyopanga vibuyu, ila kila kimoja ni kikubwa kuliko nyumba. Urefu wake kwenda juu ni karibu mita 40, yaani kama ghorofa kumi na mbili hivi. Ukisimama chini na kutazama juu, mawingu yakitembea unaona kana kwamba jiwe ndilo linakuangukia. Mwenzetu mmoja alikaa chini kabisa akashika nyasi.

Katikati ya mawe kuna upenyo. Unapita ukijibana, wengine wetu tulipita kwa taabu na kwa kicheko kingi. Ndani kuna mapango, na humo tulikuta watu wamepiga magoti wanasali. Waumini wa Legio Maria na wa madhehebu mengine huja hapa kufunga na kuomba, wengine wanakaa siku kadhaa. Hapo sote tulinyamaza, hata yule mtoto.

Watu wengi huuliza ni nani aliyeyapanga mawe hayo. Wanaosoma mambo ya ardhi wanasema hakuna mkono wa mtu. Ni jiwe la aina ya itale, yaani graniti, na lina umri wa zaidi ya miaka bilioni 2. Zamani hizo lilikuwa kama uji wa moto chini kabisa ya ardhi. Likapoa polepole, likawa gumu, likapasuka nyufa za kusimama na za kulala. Maji yakaingia kwenye nyufa hizo mwaka baada ya mwaka, yakala pembe zake kwanza, ndiyo maana mawe yamekuwa mviringo. Udongo laini uliokuwa umelifunika ukachukuliwa na mvua. Yaliyobaki ni yale yaliyokataa kwenda. Kwa hiyo jiwe halikuinuka, bali ardhi iliyolizunguka ndiyo iliyoshuka.

HADITHI YA MZEE NGESO

Pale langoni kuna kina mama wa Seme, wengine wazee kuniliko, ambao hupokea wageni kwa nyimbo na kucheza. Walipomaliza, mmoja wao alitusimulia habari ya jina la jiwe, na mwenzetu wa Seme akawa anatafsiri. Kwa Kijaluo "kit" maana yake ni jiwe la, na "mikayi" ni mke wa kwanza.

Inasimuliwa kwamba palikuwa na mzee aliyeitwa Ngeso. Mzee huyo alilipenda jiwe hili kupita kiasi. Akiamka asubuhi anaingia pangoni, hatoki mpaka jioni. Mke wake akawa hana budi kumpelekea chakula cha asubuhi huko huko, na cha mchana pia. Watu wakija nyumbani kumuulizia mzee, mama yule anawajibu, "Ameenda kwa mikayi wake." Basi jina likashika, likawa Jiwe la Mke wa Kwanza.

Tulicheka sana. Mmoja akasema mume wake naye ana jiwe lake, liko kilabuni. Mwingine akasema afadhali jiwe, kwa sababu halitumi watu mkopo.

Baadaye mwenzetu wa Seme alitueleza maana nyingine. Katika boma la Mjaluo mwenye wake wengi, mikayi ndiye wa kwanza, wa pili anaitwa nyachira, na wa tatu reru. Nyumba ya mikayi hujengwa mahali pa heshima, ikitazama lango, na nyumba za wengine zinajengwa pande zake. Msimu wa kupanda ukifika, mikayi ndiye anayetangulia kutia mbegu, ndipo wengine wafuate. Wapo wanaoyaangalia yale mawe na kuona boma zima limesimama pale, wake na mkubwa wao katikati. Kwa hiyo neno mikayi si neno dogo. Ni cheo.

Sasa fikirini, kina mama. Mke wa Ngeso alipowaambia watu kwamba mzee yuko kwa mikayi wake, alikuwa anasema cheo kimechukuliwa na jiwe. Labda alikuwa anatania, labda alikuwa na uchungu. Sisi wanawake tunajua kwamba mara nyingi mambo hayo mawili hukaa katika chungu kimoja.

SWALI LILILOTUNYAMAZISHA

Tulipokuwa tunajiandaa kuondoka, mwenzetu mmoja aliinua mkono kama mtoto wa shule, akauliza, "Na huyo mama aliyekuwa anabeba chakula, jina lake nani?"

Yule mama wa Seme alifikiri kidogo. Akawauliza wenzake kwa Kijaluo. Wakatazamana. Akajibu, "Jina hilo halikutufikia."

Jina la mzee lilifika, jina la jiwe likafika, hata kazi ya huyo mama, ya kupanda na vyombo asubuhi na mchana, habari yake ilifika. Na tena, jina la jiwe lilitoka kinywani mwake. Yeye ndiye aliyelitaja jiwe, na sasa watu wanatoka nchi za mbali kulitazama wakitumia neno lake. Lakini la kwake mwenyewe limepotea. Mke wa mzungu wa reli aliandikwa kwenye ramani kwa kuwa mume wake alikuwa na kalamu. Mke wa Ngeso hakuwa na wa kumwandikia.

Nitawaeleza kwa nini swali hilo lilitoka kwa mwenzetu yule na si kwa mtu mwingine. Yeye mwenyewe amenipa ruhusa niandike. Jina lake mtalisoma kwenye orodha pamoja na yetu sote, ila hapa sitalitaja kwa sababu ya watoto.

Mwaka 2017 alifiwa na mume. Nyumba yao waliijenga chumba baada ya chumba. Matanga hayakuwa yamekwisha vizuri, jamaa wa marehemu wakaja na karatasi. Risiti ya mabati, jina la mume. Risiti ya mbao na misumari, jina la mume. Risiti ya saruji, jina la mume. Wakamwuliza, "Wewe jina lako liko wapi hapa?" Na pesa hizo, kina mama, nyingi alikopa kwetu, akazilipa kwa kuuza viazi barabarani, jua na mvua.

Ilibidi tubebe daftari letu la mikopo mpaka kwa chifu, mbele ya wazee. Mle ndani kulikuwa na tarehe, kiasi, na kazi ya mkopo: mabati, mbao, fundi. Lakini hapo napo palikuwa na shida. Siku zile sote tulikuwa tunaandikwa kama tunavyoitwa, Mama Fulani, kwa jina la mtoto wa kwanza. Mzee mmoja akasema, "Mama Fulani wako wengi hapa mtaani, nitajuaje ni huyu?" Bahati nzuri mweka hazina alikuwa ameandika namba ya kitambulisho pembeni kwa penseli. Namba ile ndiyo iliyomwokoa. Wazee walilinganisha, wakaona, na mwenzetu yuko katika nyumba yake mpaka leo.

Kwa hiyo aliposimama chini ya lile jiwe akasikia habari ya mama asiye na jina, aliisikia kwa masikio tofauti na ya kwetu.

SHERIA YA JINA

Tuliporudi Nakuru hatukungoja. Mkutano wa Septemba 2018 ulipitisha mambo matatu. La kwanza, kila mwanachama ataandikwa majina yake kamili kama yalivyo kwenye kitambulisho. Kuitana Mama Fulani tutaitana, hiyo ni heshima na utamu wetu, lakini daftarini hapana. La pili, mkopo ukinunua kitu cha kudumu, risiti iandikwe jina la aliyekopa, na kama wamechanga na mume, majina mawili. Nakala ya risiti inabaki kwa katibu. La tatu, kila mmoja aandike mrithi wa akiba yake, na aweke sahihi mbele ya mashahidi wawili.

Haikuwa rahisi. Baba mmoja alikuja kwangu kuniuliza kama tunafundisha wake zao talaka. Nikamkaribisha chai. Nikamwambia, "Baba, risiti haivunji nyumba. Kama ni yenu wawili, mbona unaogopa majina mawili?" Alikunywa chai akaondoka bila jibu. Miezi michache baadaye alimtuma mke wake kwangu aje aulize namna ya kuandika hati ya ploti kwa majina mawili. Mungu ni mwema.

Katika semina za sheria tulizohudhuria tumejifunza kwamba nchi yenyewe imetembea njia hiyo hiyo. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika 1981, inamtambua mjane. Katiba ya 2010, kifungu cha 45, inasema mume na mke wana haki sawa wakati wa kufunga ndoa, wakiwa katika ndoa, na ndoa ikivunjika. Halafu ikaja Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013. Hiyo inasema mchango wa mtu katika ndoa si pesa tu. Kazi za nyumbani, kulea watoto, kulima shamba, vyote ni mchango. Nilipoisikia nilimkumbuka mke wa Ngeso. Kwa sheria ya leo, zile safari zake za kupanda na chakula zingehesabiwa.

Lakini sikilizeni vizuri, maana hapa wengi hukosea. Januari 2023 Mahakama ya Juu iliamua kwamba usawa huo hauna maana ya kugawa nusu kwa nusu moja kwa moja. Kila mmoja anatakiwa kuthibitisha alichochangia. Sheria imefungua mlango, lakini langoni wanauliza ushahidi. Na ushahidi wa mwanamke wa kawaida ni nini? Ni daftari, ni risiti, ni jina lililoandikwa sawasawa. Ndiyo maana katibu wetu anapokuwa mkali msimnunie.

JIWE NALO LIMEANDIKWA

Mwaka mmoja baada ya safari yetu, Desemba 2019, tulipata habari iliyotufurahisha. Shirika la UNESCO la Umoja wa Mataifa liliandika mila na desturi za Kit Mikayi katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Orodha hiyo haikuandika jiwe kama jiwe. Iliandika yale yanayofanywa pale: maombi, viapo, sadaka za kuomba mvua na mavuno wakati wa shida, nyimbo na ngoma. Sababu ya kusema haraka ni kwamba wanaozijua desturi hizo wamezeeka, wanaozifanya wanapungua, na ardhi inayozunguka mahali hapo inasongwa.

Hapo kuna fundisho. Jiwe lilikaa miaka zaidi ya bilioni 2 bila kuhitaji msaada wa mtu. Kilicho hatarini ni kumbukumbu za watu. Yale matale yatakuwepo hata tukiondoka sote, lakini wimbo wa yule mama wa langoni unaweza kwisha naye kama hakuna binti wa kuupokea.

Na vikundi kama vyetu ni vivyo hivyo. Kabla yetu walikuwepo mama zetu wa miaka ya sitini na sabini, wale wa vikundi vya mabati, waliochanga senti mpaka kila nyumba ya mwanachama ikavuliwa nyasi ikaezekwa mabati, zamu kwa zamu. Mabati yao mengine bado yako, yamekuwa mekundu kwa kutu. Lakini ukiwauliza wajukuu ni nani aliyeyanunua, watakwambia ni babu. Wale mama hawakuwa wavivu, bali kalamu haikuwa mkononi mwao. Sisi tunayo. Hata mimi niliyeishia shule ya msingi ninayo, na mmeona leo nimeitumia.

MWISHO

Kwenu mnaotaka kwenda, nendeni. Jiwe bado liko, barabara ya Bondo ni ya lami, na wenyeji ni wakarimu. Vaeni viatu vya kushika, msiende na sauti kubwa mapangoni kwa maana kuna watu wanaosali. Wale kina mama wa langoni wakimaliza kuimba, wapeni mkono, na kila mmoja mwulizeni jina lake. Waliandike watoto wenu.

Kwenu wanachama, ukurasa unaofuata una majina yetu yote kamili, tangu wale waanzilishi wa kukalia ndoo mpaka waliojiunga mwaka jana. Wapo pia wenzetu watatu waliotangulia mbele ya haki, tumewaandika kwa mpangilio ule ule, pamoja na mwaka waliojiunga. Najua watu wakipata kitabu hutafuta picha kwanza. Mwaka huu nawaomba msiuruke ukurasa huo. Usomeni kwa sauti, mbele ya watoto, kutoka jina la kwanza hadi la mwisho.

Wenu katika maendeleo,

Mwenyekiti wa Kikundi